Jino Lako la Mbele, Nasra

Kwako Nasra, binti yangu,

Salamu sikuletei, kwa sababu tumeagana kwenda kulala na chai yangu bado ya moto. Hali yangu nayo unaijua: ni mimi huyu huyu ninayekohoa sebuleni na kujifanya natafuta rimoti. Basi naingia bila hodi.

Ya chandarua, ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua uwanja wa ndege, ya kumwamkia shangazi yako kabla hujaulizia chakula, mama yako ameshayasema yote, na mengine ameyasema tena ulipokuwa bafuni. Sina cha kuongeza. Begi tumelipima, mimi nikiwa nimesimama juu ya mizani huku nimelikumbatia, ukasema mizani inamlalamikia baba, siyo begi. Nilikuachia ushinde kwa kuwa unasafiri. Ukirudi likizo tutaanza upya.

Mimi nataka kuandika habari ya jino lako la mbele.

Usicheke. Najua unachosema: baba kidato cha pili hakukimaliza, leo amekaa na kalamu kama hakimu. Lakini mwandiko wangu unaujua. Hata mwalimu mkuu aliyenifukuza aliusifu kwanza, ndipo akanifukuza. Naandika kwa sababu ana kwa ana siwezi. Nikikutazama usoni nitatia mzaha, wewe utaziba mdomo kwa kiganja ucheke, na mambo yataishia hapo kama yanavyoishia siku zote. Karatasi haicheki. Nimejaribu.

Nianze na siku ile ya mwezi uliopita, ulipoamka mdomo wa juu umevimba mpaka pua ikainuka. Mimi nilikuwa tayari nimeshika kopo la karafuu. Mama yako akaninyang'anya akaliweka juu ya friji, kule nisikofika bila kiti. "Leo hakuna karafuu, baba Nasra. Leo ni daktari, na wewe kazi yako ni kuendesha gari tu." Nikaendesha.

Unamkumbuka yule daktari mama Mhindi wa Kerala, mwenye miwani inayoshuka puani. Alikupiga picha ya jino, akaiweka kwenye skrini, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Kwenye ncha ya mzizi palikuwa na doa jeusi kama punje ya dengu. Akasema pale mfupa umeliwa. Jino limekufa zamani, na kilichooza ndani kimekuwa kikishuka kidogo kidogo kwenye mfupa muda wote huu. Kisha akauliza, kwa Kiingereza cha polepole ili na mimi nisikie: "Hili jino liliumia ukiwa mtoto. Mbona hamkulileta?"

Nilisikia. Kiingereza cha kawaida kinanipita, lakini cha lawama nakisikia vizuri sana.

Na wewe, pamba mdomoni, ukamjibu: "Ni mimi, Daktari. Niliogopa sindano. Baba alinibembeleza sana, nikakataa."

Nasra, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha kona na funguo za gari mkononi. Ningeweza kusema. Kilichohitajika ni neno moja tu. Nilitikisa kichwa kama mzee aliyechoka na vijana, na juu yake nikaongeza: "Watoto, Daktari." Nikamwambia hivyo. Watoto!

Kwenye gari nikaanza kukutania kwamba mdomo wako sasa unatosha kuokota ngano kama kuku. Ukatazama dirishani ukasema, "Baba, leo usinichekeshe." Nikakuuliza, kunauma? Ukasema, "Usinichekeshe tu." Tukafika nyumbani Al Thumama, ndege zikishuka juu yetu moja baada ya nyingine, na mimi nikizihesabu.

Sasa nikueleze yaliyokuwa kabla ya hapo, maana nusu yake huijui, na nusu unayoijua nilikusimulia mimi, kwa hiyo nayo huijui.

Kabla ninyi hamjaja hapa Doha nilikuwa dereva wa nyumba moja ya Waarabu huko Umm Salal, familia ina watoto wengi na gari kubwa lenye viti vya ngozi, na chumba changu kilikuwa kando ya geti. Nisijisifu, lakini kwa kurudisha gari nyuma penye uchochoro hapakuwa na dereva wa kunifikia, awe Mhindi, Mpakistani au Mkenya. Basi Ramadhani moja gego langu la kulia likaanza. Mchana nimefunga, siwezi hata kusukutua vizuri, usiku napeleka watu kwenye majilisi, vile vikao vyao vya kahawa, na shavu langu linapiga kama injini mbovu. Sisi madereva wakati huo tulikuwa na desturi yetu: jino bovu linawekewa likizo. Unanunua mablanketi, unafunga maboksi kwa kamba, na jino lako bovu unarudi nalo nyumbani likang'olewe huko, hata kama likizo ni mwaka kesho. Ukimwuliza mtu sababu, anakwambia kafili, yule tajiri aliyekudhamini, hatakupa ruhusa kwa ajili ya jino. Wengine ilikuwa kweli. Wangu mimi angenipa. Mzee yule alinikuta nimeegemea usukani machozi yananitoka akaniambia kwa Kiarabu, nenda kwa daktari, nitamtuma mwanangu aendeshe. Nikamwambia nina mafua.

Nikaingia kwenye dawa yangu mwenyewe. Karafuu ya kusaga, chumvi, na vile vidonge rangi mbili vilivyokuwa vikija kwenye mabegi ya watu kutoka nyumbani, tukigawana kama peremende, huyu viwili, yule vitatu. Nikaligandamiza lile jino siku nyingi. Asubuhi moja nikaamka, kimya. Nikagonga kwa kijiko, kimya. Nikanywa maji ya barafu, kimya! Nilitoka getini nimevimba kifua, nikaenda shuleni kusubiri watoto, na pale nje madereva wote walikuwepo kivulini.

"Jino nimelinyamazisha mwenyewe," nikawaambia. "Daktari wa kazi gani?"

Kulikuwa na Mkenya mmoja, Karanja, mrefu, mbishi, anayekula kila kitu na pilipili. Akaniangalia. "Wewe Mtanga, udaktari ulisomea wapi?"

"Nimezaliwa nao."

"Buda, hiyo jino haijapona. Hiyo imekufa. Ikikufa inanyamaza, si ndio?"

"Ninyi Wakenya mnapenda msiba," nikasema, na kivuli kizima kikacheka, na Karanja akashindwa.

Alikuwa sahihi. Ndani ya jino kuna mshipa, ndio unaopiga kelele. Mshipa ukioza wote, kelele zinakwisha, na jino linabaki limesimama pale kama nyumba ambayo aliyemo amefia ndani na mlango umefungwa. Wakati ule ule maumivu yanapokoma ndio wakati wa kukimbilia kusafishwa mzizi, na ndio wakati sisi tunapiga vigelegele. Mimi nilipiga vigelegele mpaka nikawa mganga. Watu wakawa wananijia getini wameshika mashavu, nawagawia karafuu, nawatania, wanaondoka. Likizo ilipofika nilikaa kwenye benchi la hospitali ya Muheza nikang'olewa lile gego na jirani yake aliyeambukizwa. Niliporudi Doha niliwaambia wenzangu nimeyatoa kwa hiari, yalikuwa yananibana.

Ndiyo maana nyama natafunia kushoto. Uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo, nikakwambia upande wa kulia naupumzisha kwa ajili ya harusi yako. Ukaamini, ukaenda kuwaambia wenzako.

Halafu nikapata kazi ya hoteli huko Pearl, kwenye kisiwa cha matajiri, nikapanda mpaka kuwa msimamizi wa madereva, nikawaleta wewe na mama yako. Nilijiona mtu. Nilivaa tai siku nilipokuja kuwapokea, unaikumbuka, mama yako akaniuliza kama nimekuja kuwapokea au kuwahukumu.

Na wewe ukavunja jino kwenye maji ya sadaka.

Lile bomba la maji baridi ukutani kwa jirani yetu, waliloweka kwa ajili ya wapita njia na wafanyakazi. Ninyi watoto wa jengo mlikuwa mkishamaliza mpira mnalipigania kama ngamia. Uliinama kunywa, mtoto wa nyuma akakusukuma kisogo, mdomo ukakutana na chuma. Ulipanda ngazi damu kifuani na kipande cha jino umekishika kiganjani kama mtu aliyeokota shanga. Hukulia. Mama yako alilia kwa niaba ya wote. Mimi nilisema, "Afadhali jino, lingekuwa bomba tungelilipa." Hata hapo, Nasra. Hata damu haijakauka.

Nilikupeleka kliniki, daktari akiwa yule Mmisri mnene mwenye sauti ya kuimba. Aliijenga ile ncha iliyovunjika, ukarudi mzuri, hakuna aliyejua. Lakini aliniambia, na Kiarabu changu cha barabarani kinatosha kabisa kwa hilo: mshipa wa ndani umeshtuka, huenda ukafa, mrudishe nimtazame. Ukalalamika maumivu siku chache, usiku ukawa unanong'ona kwa mama yako. Kisha yakakoma. Mimi nikashangilia. Nikakubeba juu juu hapo sebuleni nikasema umepona kwa mkono wa baba yako, maana nilikuwa nimekusukutuza maji ya karafuu. Ukacheka sana. Wakati huo ulikuwa unacheka na mdomo wote.

Mama yako akashikilia tarehe ya daktari, nikakurudisha. Hapa ndipo pa kuandika polepole.

Mmisri alikugusisha kitu cha barafu kwenye jino. Akakuuliza, unasikia baridi? Ukatikisa kichwa, hapana. Akagonga, akatazama, akanigeukia. Akasema mshipa umekufa, tusiuache uozee ndani, leo naanza kuusafisha mzizi. Akanieleza vizuri kabisa: atakuchoma ganzi, atatoboa jino kwa nyuma mahali pasipoonekana, ataingiza sindano nyembamba nyembamba mpaka ndani ya mzizi atoe kilichokufa, aoshe, atie dawa, na siku nyingine azibe. Jino litabaki lako maisha. Nesi akaanza kupanga vile vyuma kwenye sinia, kimoja kimoja, vikilia.

Magoti yangu yakaniacha. Nakwambia ukweli, nilishika ukuta. Sikuwa nikiona jino lako tena. Niliona la kwangu, na ile koleo ya Muheza, na mimi nikiwa mtu mzima nimeshikwa mabega na wanaume wawili, nikipiga kelele mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakatoka nje kutazama. Hiyo sehemu ya hadithi ya Muheza sijamwambia mtu yeyote, na sasa umeijua wewe.

Nikamwambia Mmisri, gari nimelizibia mtu njia, nakuja sasa hivi. Nikakushika mkono nikakutoa kwenye kile kiti na kitambaa chao bado kifuani kwako. Gari halikuwa limemzibia mtu yeyote. Lilikuwa limeegeshwa vizuri kuliko magari yote ya Doha.

Tulipoondoka uliniuliza, "Baba, hatumsubiri daktari?" Nikakwambia daktari amesema haina haja. Nikakununulia chai ya karaki na chapati ile ya jibini, ukala, ukafurahi. Nyumbani mama yako akauliza amesemaje, nikajibu amesema tusubiri. "Tusubiri nini?" Nikasema, "Mtoto akue."

Mtu akitaka kunisaidia atasema labda baba alikosa pesa. Sikukosa. Kadi ya afya ulikuwa nayo, mimi mwenyewe niliipangia foleni, na kazi yangu ilikuwa nzuri. Wapo wanaokosa kweli, nimewaona, na kujificha nyuma yao ni aibu nyingine. Mimi nilikosa ujasiri tu wa kukaa kwenye kiti cha kona na kumtazama mtu mwingine akifanya kazi yake. Na kwa kuwa sikuweza kusema nimeogopa, nikageuza woga kuwa ujuzi. Nikawa nasema haya mambo ya kutoboa meno ni biashara, jino likinyamaza liache, mimi nayajua. Mama yako alinibishia mwanzoni. Wewe hukunibishia hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba uliniamini kuliko Mmisri.

Jino likaanza kubadilika rangi. Kwanza kama chai ya maziwa, baadaye kama jivu. Na mimi nikafanya nini? Nikalifanya kichekesho. Ile Idi tuliyowaalika watu wa Zanzibar wa ghorofa ya chini na wenzangu wa hoteli, sebule imejaa, pilau imepita, mtu mmoja akakuuliza mbona Nasra hacheki siku hizi. Kabla hujafungua mdomo nikasema, "Jino lake limekatiwa umeme. Tunasubiri urudi." Watu wakaangua kicheko, wengine mpaka wakaweka sahani chini. Na wewe ulicheka pamoja nao, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kiganja chako kikipanda kuziba mdomo.

Hakikushuka tena. Kwenye picha unafunga midomo kama mtu wa pasipoti. Kwenye simu na wenzako unazima kamera. Siku moja nilikupitia shuleni nikakuta unasimulia kitu, wenzako wamekuzunguka, wanakusikiliza kweli kweli, unajua kusimulia, hilo umelitoa kwangu. Ulipofika penye kuchekesha, mkono ukapanda. Niliwasha gari nikapiga honi kana kwamba nina haraka.

Kile kijipele kilichokuwa kikitoka juu ya ufizi kikipasuka kikirudi, nikasema ni joto la Doha. Ulikuwa usaha, mwanangu, unatafuta mlango.

Basi, hayo ndiyo uliyoyabeba mbele ya mama wa Kerala ukasema ni yako.

Sijakuuliza kwa nini ulinifichia. Nafikiri najua. Uliniona kwenye kiti cha kona. Umekaa na mimi miaka yote hii, unajua sura yangu nikikosa mzaha wa kutoa. Ukanihurumia. Mtoto kumhurumia baba yake mbele ya daktari, huku mdomo uliovimba ni wake! Nimeendesha magari ya watu wakubwa, Nasra, nimefunguliwa milango ya hoteli ambazo sina uwezo wa kunywa hata maji yake, na sijawahi kujiona mdogo kama siku ile.

Ndiyo sababu sikukubali kusubiri nje siku daktari alipoanza kuusafisha mzizi. Ulidhani mama yako ndiye aliyenilazimisha. Hapana. Alipokutoboa jino lile kwa nyuma, harufu ilipotoka, nilikuwepo. Ile harufu niliivuta yote. Alipokufunika mdomo kwa ile plastiki ya kijani, jino lako likabaki limechungulia peke yake, na akaanza kuingiza zile sindano za nyuzinyuzi akizizungusha kwa vidole kama anayetegua miba, sikufumba macho. Sawa, nilifumba kidogo. Nilishika kidole gumba cha mguu wako kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Baba, uliniminya," uliniambia nje.

"Nilikuwa nakutuliza."

"Wewe ndiye uliyekuwa unatetemeka."

Na ukacheka, na nusu ya uso ikiwa na ganzi mkono ulichelewa kupanda. Niliona meno yako yote. Nitakaa na hilo.

Leo mchana daktari alipomaliza kuuziba mzizi, ukatoka kwenda kumpigia mama yako simu kumwambia imekwisha. Ukaniona nimebaki, ukadhani nauliza mambo ya dawa. Nilifunga mlango nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu, "Daktari, mtoto alikudanganya. Hakuogopa. Sikumleta. Nilimtoa kwenye kiti nikakimbia naye."

Alikuwa anavua glavu. Hakugeuka. "Nilijua," akasema.

"Umejuaje?"

"Kabla ya kunijibu alikutazama wewe kwanza." Akazitupa glavu. "Halafu wewe ukasema, watoto."

Sikuwa na pa kuweka mikono. Nikamwuliza kama jino litapona, nikitumaini labda atanipa hata hilo. Akanieleza kama alivyokueleza wewe: mzizi umesafishika vizuri, sasa ni mfupa kuamua. Unaweza kujaa tena taratibu mpaka lile doa lifutike, hapo utavishwa kofia ya jino yenye rangi ya wenzake na hakuna atakayejua. Unaweza pia kukataa, kwa sababu tumechelewa sana, na ukikataa jino litang'olewa. Alisema "tumechelewa," kwa adabu. Aliyechelewa ni mmoja.

Kisha akaonyesha kile kiti chako, ambacho kilikuwa bado kimelala. "Kaa."

"Mimi?"

"Unatafunia upande mmoja. Nimekuona ukila tende pale mapokezi. Kaa."

Nilikaa. Miguu iligoma kunyooka, nesi Mfilipino akaisukuma kwa upole kama anayefunga droo. Daktari akatazama, akagonga hapa na pale, akasema huko kushoto kuna moja limeanza kuharibika kwa kubeba mzigo wa pande mbili, lakini linaokoleka akilisafisha mzizi mapema. Jumamosi. Ulimi wangu ulikuwa tayari na wageni wa hoteli wa kuwasingizia. Nikasema sawa. Mama yako bado hajui. Ukiongea naye Jumamosi jioni mwulize kama nilikwenda, usiniulize mimi.

Nimeona nikueleze haya kabla hujaondoka kwa sababu unakwenda kusomea ualimu. Huko Morogoro utasimama mbele ya darasa zima la watoto, na hakuna mwalimu anayefundisha na mkono mdomoni. Watoto watakutazama usoni mchana kutwa, na kwa wakati huu jino bado ni la jivu. Watauliza, watoto hawana haya. Wenzako wa bweni watauliza. Labda na kijana fulani atauliza, na huyo simjui na wala sitaki kumjua bado. Jino ni gumu lakini halina uhai ndani sasa, linavunjika kirahisi, kwa hiyo miwa ya Morogoro imenye kwa kisu. Hilo ndilo agizo langu pekee, mengine yote ni ya mama yako.

Likizo ya kwanza ikianza, kabla hujapanda ndege kuja kwetu, nenda upigwe picha ya jino kama daktari alivyosema. Daktari wa huko atalitazama lile doa jeusi, limepungua au limekua. Sijui atakuta nini. Nikiswali naliombea, na nikisimama kwenye taa nyekundu naliombea, na bado sijui. Nimekuharibia kitu ambacho huenda hakirudi, na safari hii sina la kuchekesha la kuweka juu yake.

Naye atakuuliza swali lile lile, maana lazima waulize: jino hili liliumia ukiwa mtoto, mbona hukuletwa?

Sitakuwepo pembeni, hutakuwa na wa kumtazama. Usimwambie uliogopa sindano. Hukuwahi kuziogopa, siku ya ganzi ni mimi niliyefumba macho. Mwambie aliyeogopa ni baba. Mwambie alikutoa kwenye kiti na kitambaa kifuani akasingizia gari. Waambie na wa bweni, waambie na hao watoto wa darasani, unajua kusimulia, wasimulie vizuri mpaka pale pa magoti. Na wakicheka, waache wacheke, wala wewe usizibe mdomo. Ni zamu yangu kuchekwa.

Baba yako